Nauli ya Ijumaa

Wangeci alikuwa hodari wa mahesabu, na hiyo ndiyo balaa yenyewe. Angekuwa mzito kidogo tu wa kichwa, wanawake kumi na wanane wa kiwanda cha biskuti pale Thika wangekuwa na ploti yao hivi sasa.

Serikali ilikuwa imepandisha kima cha chini cha mshahara. Himatlal, mwenye kiwanda, akamwita Wangeci, karani wake wa mishahara, akavua miwani.

"Wangeci, unga umepanda, biskuti hazijapanda. Nitafutie njia. Bila njia napunguza watu kumi. Sipendi, lakini nitapunguza."

Wangeci akarudi kwake Ruiru na faili kwapani, akakaa nalo Jumapili nzima, hata kanisa akalikosa. Sheria ilitaka mshahara wa msingi upande. Kuhusu marupurupu mengine ya kiwanda, haikuwa na neno. Na humo kwenye marupurupu akaiona nauli: shilingi mia tano kila Ijumaa, taslimu, ndani ya bahasha ya kaki, kwa kila mwanamke wa upande wa kufunga pakiti. Nauli gani? Si kila asubuhi anawaona wakija kwa miguu kutoka Kiganjo, leso viunoni, wakipiga domo? Akaifuta nauli, akaihamishia kwenye mshahara wa msingi. Jumla ikabaki ile ile. Sheria imetimizwa, Himatlal hajatoa hata ndururu zaidi, na hakuna aliyefutwa. Usiku huo alilala fofofo, na kwa hilo simlaumu. Alijua ameokoa watu kumi.

Jumatatu akawapelekea barua za kusaini. Hapa sasa ndipo anaponiudhi. Walipoona mshahara wa msingi umepanda elfu mbili, walipiga vigelegele. Nafuna, mkubwa wao, mama wa Bungoma aliyefunga pakiti miaka kumi na minne, akamkumbatia mpaka kalamu ikaanguka. Nauli ilikuwa chini kabisa ya karatasi, imeandikwa sufuri. Wangeci alikuwa amekusudia kuwaeleza. Kinywa alikifungua kabisa! Lakini walikuwa wanamshangilia, na hakuna siku aliyowahi kushangiliwa katika kiwanda kile. Akakusanya barua, akapanda ofisini.

Ijumaa bahasha hazikuja. Nafuna akamfuata juu.

"Mtoto wangu, umetusahau?"

Wangeci akamweleza taratibu kwamba nauli sasa iko ndani ya mshahara, wataipata benki mwisho wa mwezi.

"Benki?" Nafuna akaketi bila kukaribishwa. "Benki inakata loni zetu kabla hatujaona kitu. Inayobaki ni ya landlodi. Huko hakutoki kitu, mama."

Ndipo akasema lile ambalo kwa miaka mitatu hawakumwambia mtu yeyote wa ofisi, kwa hofu kwamba mwajiri akijua wanatembea ataikata nauli. Walikuwa na chama. Kila Ijumaa bahasha zote kumi na nane zilikwenda kwa Gachanja, aliyekuwa akiwauzia ploti kule Theta kwa malipo ya kila wiki. Wangejenga vyumba vya kupangisha, wazeeke wakila kodi. Wakikosa Ijumaa mbili mfululizo, mkataba unakufa na pesa hairudi. Zilikuwa zimebaki Ijumaa nne.

"Nne tu, Wangeci. Wooi, si utuombee?"

Wangeci alimwendea Himatlal mbio. Mzee yule si mkorofi, alimsikiliza mpaka mwisho.

"Barua wamesaini wote, na ziko kwa afisa wa leba wa serikali," akasema. "Nikilipa nauli juu ya mshahara mpya, wale kumi wanaenda. Nichague nini? Kazi yako ilikuwa nzuri sana. Usiiharibu."

Kila wiki ilitaka elfu tisa. Ijumaa iliyofuata Wangeci alikuwa amekopa huku na huku akapata elfu nne, akazipeleka Theta mwenyewe. Gachanja alizitazama, akazirudisha. Nusu hapokei. Tayari alikuwa na mnunuzi wa Nairobi anayelipa yote kwa mpigo.

Jumatatu mvua ilinyesha tangu alfajiri. Wangeci alisimama getini na mwavuli, akiwangoja. Wakaja kutoka Kiganjo kwa miguu kama kawaida, wameloa chapachapa, lakini leo hakuna domo. Wakampita mmoja mmoja. Akamshika Nafuna mkono.

"Mama, si mngepanda gari leo? Mvua yote hii! Na ploti hamlipi tena."

Nafuna alimtazama, akajipangusa maji usoni.

"Kwa nauli gani?" akauliza, bila hasira yoyote, akaingia ndani kufunga biskuti.