Siku Hewa Ilipowekwa Mkiani

Baraza Kuu la Msafara wa Zohali lilikutana Jumamosi ya kwanza ya likizo ya Desemba, mwaka wa tisini na nane, katika chumba cha mbele cha Mama Austine, pale Ukunda, nyuma ya kituo cha mafuta. Wajumbe walikuwa wawili. Dishon, mwanafunzi wa kidato cha pili, ndiye aliyekuwa Spika, kwa kuwa kule shule ya bweni alikuwa amepigwa marufuku kusimama kwenye mdahalo baada ya kuwasilisha hoja kwamba uji wa asubuhi ufanyiwe maziko ya heshima, na kipaji cha namna hiyo si vyema kikalala njaa likizo nzima. Chiku, binti wa mwenye nyumba waliyopanga akina Dishon, ndiye aliyekuwa upinzani. Yeye hakuchaguliwa na mtu. Alizaliwa hivyo.

"Akidi imetimia," Dishon alitangaza, akagonga meza kwa mwiko.

"Akidi ya watu wawili?"

"Kuna makanisa yalianza na wachache zaidi. Kaa chini, Mheshimiwa, na utoe hayo mabuyu ya rangi mdomoni. Unalitia Baraza rangi nyekundu."

Ajenda ilikuwa moja tu: kupanga upya, kwa mpangilio wa ubora, gemu nne zilizotokana na filamu za Msafara wa Zohali. Filamu zenyewe hakuna mtoto wa Ukunda ambaye hakuwa amezitazama kwenye banda la video. Ndani yake Nahodha Korda husafiri kutoka sayari hadi sayari akiziokoa moja moja, na kila mara huondoka bila kuwaaga wenyeji. Gemu zilikuja kwa njia nyingine. Austine, kaka yake Dishon, alikuwa akicheza ngoma na kupiga sarakasi kwenye timu ya burudani ya hoteli moja huko Diani, na mgeni mmoja wa Kijerumani, aliyefurahishwa na sarakasi kuliko na bahari, alipokuwa akifunga mizigo alimwachia mashine ya gemu, vishikio viwili na kaseti nne. Maandishi yote yalikuwa ya Kijerumani. Ndugu hao wawili wakazibatiza upya: Vimondo, Fyatua, Matumbo na Hewa.

Na kama mjuavyo, palipo na vitu vinne na ndugu wawili, lazima vipangwe. Walizipanga kama wanafunzi kwenye ripoti ya mwisho wa muhula. Matumbo ikawa ya tatu bila ubishi, kwa sababu ni gemu ya kuzunguka ndani ya tumbo la chombo kikubwa na kurudi kwenye mlango uleule mpaka unatamani kuuamkia. Fyatua ikawa ya mkia, kwa sababu haina akili yoyote: ni kufyatua tu, kama mtu aliyenyimwa chakula. Vita vilikuwa kwenye namba moja. Dishon alisimama na Vimondo, mbio za kupita katikati ya mawe ya angani, ambamo hata kujikuna pua hupati nafasi. Austine alisimama na Hewa.

Hewa haikuwa na adui wala risasi. Chombo kimeharibika, kinaelekea mwezini polepole, na wachezaji lazima wawe wawili. Mmoja anaendesha, mwingine anapiga pampu ya hewa. Anayepampu akizembea, kioo kinaanza kuwa cheusi kutoka pembeni, taratibu, mpaka anayeendesha anabaki ndani ya kiduara kidogo cha mwanga, kisha hicho nacho kinafumba. Dishon alikuwa akiendesha. Kupampu ilikuwa kazi ya Austine, na usiku mzima hakuzembea.

Lakini Februari Austine aliondoka. Tangu zile vurugu za kisiasa za Pwani mwaka uliotangulia, wageni walikuwa wamekauka Diani kama kisima cha jangwa la Taru; hoteli ikaivunja timu ya burudani, na mjane mmoja wa Kijerumani, Bi Gerda, aliyekuwa akija kila mwaka, akamchukua Austine kwenda kwao. Sasa alikuwa katika mji ambao mama yake alilitamka jina lake kwa namna tofauti kila wiki. Tangu siku hiyo kaseti ya Hewa haikuwahi kuguswa.

"Baraza linatangaza," alisema Dishon, akasimama. "Namba moja, Vimondo."

"Tulijua."

"Namba mbili, Fyatua."

Chiku akaacha kutafuna. "Fyatua? Wewe Dishon, si umesema mwenyewe ni gemu ya mtu aliyenyimwa chakula?"

"Spika amefikiri upya. Namba tatu, Matumbo. Na namba nne, yaani ya mwisho, yaani ya mkia, Hewa."

 Nje kuku wa baba yake Chiku alipita, akachungulia, akaona mambo ni mazito, akaenda zake.

"Kaka yako akisikia hayo atakuua," Chiku akasema.

"Ndiyo nia yenyewe. Ili aniue lazima aje."

Hapo ndipo mpango wenyewe ulipokuwa, na Dishon alikuwa ameutunga kitandani huko bweni kwa wiki tatu, wakati wenzake wakisoma kemia. Austine alikuwa mtu wa kuacha chochote. Angeweza kuacha chakula mezani na msichana njiani, lakini ubishi hakuwahi kuuacha ukaenda zake ukiwa mzima. Mwaka juzi, siku moja, alikuwa ameshapakiwa kwenye baiskeli ya kukodi kwenda kazini, yuko karibu na njia panda ya Diani, aliposikia Dishon akipiga kelele kwa mbali kwamba Hewa ni gemu ya bibi harusi. Akamwamuru mwenye baiskeli ageuze. Akarudi hadi mlangoni, akatoa hoja zake zote akiwa na suruali ya sarakasi yenye vipande vya kumetameta, jua likimchoma, akachelewa kazini, akaonywa. Mtu aliyegeuza baiskeli kwa ajili ya Hewa, Dishon alifikiri, ndege itamshinda?

"Huo ni wazimu," Chiku alisema. Kisha, baada ya kufikiri: "Mwambie na mimi nimekubali. Atakasirika zaidi. Huwa ananiona nina akili."

Simu ya Austine ilikuwa ikija Jumapili mchana, baada ya ibada, dukani kwa Mzee Rai, kando ya barabara. Na kwa Mzee Rai simu ilikuwa na adabu zake. Mtu wa ng'ambo haanzi na wa kwake. Kwanza anamsalimu mwenye simu, kisha kila aliyeketi kwenye benchi, kuanzia mkubwa, maana huwezi kuifikia nyumba ya watu kwa kuwaruka majirani. Jumapili hiyo, kwa bahati mbaya ya Spika, benchi lilikuwa limejaa.

"Shikamoo, Mzee Rai," Dishon alisema.

"Marahaba, mwanangu. Mbona umevaa tai? Unaoa?"

"Nina taarifa rasmi, Mzee."

"Haya. Itoe ukishafika zamu yako."

Simu ikalia. Mzee Rai akazima redio, akajifuta mikono, akainua. Aliuliza afya, akauliza baridi, akaambiwa kuna theluji, akaomba aelezwe theluji inakuwaje, akawaeleza walioketi. Kisha simu ikaenda kwa Bi Jumwa muuza samaki wa kukaanga, aliyetaka kujua kama huko kuna papa. Ikaenda kwa maalimu wa madrasa, aliyemwombea dua ndefu na nzuri. Dishon alisimama akihesabu kila neno kama mtu anayetazama ndoo ikivuja.

Ndipo ikafika kwa Mama Austine. Damaris alikuwa na vazi lake la kanisani, na mikono ambayo kazi ya udobi hotelini ilikuwa imeichubua mpaka ikawa laini kupita kiasi. Alishika simu kwa mikono yote miwili.

"Unakula? ... Na Krismasi je? ... Mm." Akasikiliza kwa muda. "Mm. Haya, mwanangu. Mungu ni mwema."

Benchi zima likatazama chini. Hakuna mtu Ukunda asiyejua maana ya "Mungu ni mwema" ikisemwa baada ya kuuliza Krismasi. Damaris akampa Dishon simu bila kumtazama.

Sasa ndio wakati. Dishon akainyoosha tai.

"Niaje, Austine."

"Niaje, mdogo wangu. Shule?"

"Poa. Sikiliza, nina taarifa rasmi ya Baraza. Gemu zimepangwa upya. Hewa imeshika mkia."

Kulikuwa na mngurumo wa mashine upande wa pili, kitu kikubwa kikizunguka bila kuchoka.

"Hewa," alisema Austine. "Ni ipi hiyo?"

Dishon alidhani ni utani. Alicheka kidogo, akangoja. Utani haukuja.

"Ya wawili," alisema. "Ya mwezini. Wewe ulikuwa unapampu."

"Aaa. Ile. Bado mnayo hiyo mashine?"

"Nimeiweka nyuma ya Fyatua, Austine. Umesikia? Nyuma ya Fyatua. Na Chiku amekubali." Akafumba macho, akangoja mlipuko kama mtu aliyewasha fataki akaziba masikio.

"Sawa tu," Austine akasema, na sauti yake ilikuwa ya upole, na hilo ndilo lililokuwa baya. "Wewe ndiye unayecheza, panga unavyoona. Nimeibia dakika kazini hapa. Mtunze mama, sawa?"

Kisha simu ikakatika. Mlio mmoja mrefu ukabaki sikioni.

Dishon hakuiweka chini. Alikaza kuibana sikioni, akageukia ukuta wenye kalenda ya sabuni.

"Usitukane, Austine," alisema. "Kuna wazee hapa. ... La, la. ... Aibu gani? Ni uamuzi wa Baraza. ... Basi njoo! Njoo uyasemee hapa hapa, si kupiga kelele kwa simu! ... Haya. Haya. Nimesikia."

Mzee Rai alikuwa na simu ile kwa miaka kumi na mbili, na mlio wake wa kukatika aliujua akiwa hata ghalani. Alichukua mkono wa simu kutoka kwa kijana, akaurudisha mahali pake taratibu.

"Ana maneno makali, huyo ndugu yako," alisema, akawasha redio.

Walitembea kurudi nyumbani, mama mbele na mwana nyuma. Dishon alivua tai akaitia mfukoni. Alikuwa ameandaa majibu kwa hasira za kila aina. Hakuwa ameandaa lolote kwa "sawa tu".

Chiku alikuwa ameketi mlangoni pao, akiwangoja, kidevu kimekuwa chekundu kwa mabuyu.

"Shikamoo, Mama Austine."

"Marahaba, mwanangu."

"Haya, wewe! Alisemaje? Alikasirika?"

Dishon aliketi juu ya ndoo iliyofudikizwa. Mama yake alipita ndani, lakini hakwenda mbali. Alisimama palepale nyuma ya pazia, akifungua leso yake ya kichwa.

"Alikasirika?" alisema Dishon. "Alitetema. Mzee Rai mwenyewe amesema ana maneno makali. Kamwulize."

"Alisemaje hasa?"

"Alisema..." Akakohoa, akawa Spika tena. "Alisema Vimondo unashindana na mawe, na mawe hayajui kama wewe upo. Alisema Fyatua ukiimaliza hukumbuki hata ulimpiga nani. Lakini Hewa, kuna mtu anakupumulia. Unaendesha, hugeuki nyuma, kwa sababu unajua yupo. Alisema hakuna gemu nyingine duniani ambayo ukishinda huwezi kusema nimeshinda. Lazima useme tumeshinda."

Chiku alikuwa ameacha kutafuna. "Hayo ni mazito."

"Ndiyo. Alisema mtu anayeiweka mkiani hajawahi kukosa hewa."

"Alisema yote hayo kwenye simu? Baada ya Bi Jumwa na maalimu?"

"Huwa anasema haraka."

Chiku alimtazama Dishon kwa muda mrefu, kama mtu anayepima kipande cha kitambaa kwa macho. Akafungua mdomo. Ilikuwa wazi kwamba upinzani ulikuwa na swali la nyongeza, na swali hilo Spika asingeliweza.

Pazia likasogea.

"Na alisema tena," alisema Damaris, ambaye maishani mwake hakuwahi kushika kishikio cha gemu wala kujua ipi ni ipi, "kwamba hiyo haina makelele. Mnaicheza usiku nami nimetoka dobi, nalala kitandani nawasikia nyote wawili mnanong'ona. Mmoja anasema kata kushoto, mwingine anasema nipo, nipo. Basi mimi nalala usingizi mzuri." Akakunja leso mara mbili. "Ndivyo alivyosema."

Dishon alimtazama mama yake. Yeye hakumtazama.

Chiku alijifuta kidevu kwa mgongo wa mkono, akasimama, akavuta gauni likae sawa, kama inavyompasa mjumbe anayeondoa pingamizi lake.

"Mheshimiwa Spika," alisema, kwa sauti ya chini kuliko kawaida yake, "naomba kura irudiwe."

Mikono mitatu ikainuliwa pale mlangoni, yote kwa Hewa. Spika alianza kutangaza matokeo, akainama akajifanya anafunga kamba za viatu, na Baraza likamngoja.