Seta wa Mwisho wa Wendell Niskala

Zamani, kaskazini mwa Michigan, mwindaji wa kwale asiye na seta, mbwa wa manyoya marefu anayenusa ndege na kusimama, alichekwa. Baba yake Wendell alikuwa akiuza watoto wa seta hata hawajafumbua macho. Kisha wakaja mbwa wa Kijerumani, manyoya mafupi, miguu myepesi, na seta wakaitwa mbwa wa vizee. Kipya kinyemi, ingawa kidonda.

Wendell akabaki na mmoja, Fern. Msimu uliopita kengele ya shingoni mwake ilinyamaza kichakani; maana yake amemwona kwale, amesimama, anamngoja bwana wake. Lakini mbwa wa Kijerumani wa jirani yake, Curt, nao walikuwa wamesimama upande wa pili.

"Twende huku, mzee. Kikongwe wako atakuja mwenyewe."

Wendell akaenda. Mbwa akishasimama hageuziwi mgongo, na sheria hiyo aliijua tangu utotoni. Jioni ile theluji ilianguka. Fern hakuonekana tena, na Wendell hakuwahi kujisamehe.

Sasa naye anaye mbwa wa Kijerumani, Otto. Asubuhi hii kidude cha mkononi cha kumfuatilia mbwa kilitetemeka: Otto amesimama, hatua sitini mbele.

"Ana ndege huyo," Curt alisema. "Seta wako angekuwa bado anajikuna."

Walipomfikia, Wendell aliona pua ya Otto haitafuti kitu. Kichwa kiko juu, macho yameganda kwenye nyasi tupu chini ya msonobari. Mbwa husimama hivyo kwa heshima tu, akimwona mwenzake ametangulia kumsimamia ndege.

"Mbwa wako wako wapi?" Wendell aliuliza.

"Nimewaacha nyumbani. Kwani vipi?"

Alimkabidhi Curt bunduki, akampita Otto.

"Mzee, huko hakuna kitu."

Kwale akaruka kwa kishindo karibu na miguu yake. Wendell hakumtazama. Nyasi zote zilikuwa nyeupe kwa barafu ya alfajiri, isipokuwa mahali panne penye ukubwa wa wayo wa mbwa.

Alipiga magoti, akanyoosha mkono juu ya nyayo zile, pale ambapo mgongo ungekuwa. Hewa ilikuwa na joto.

"Nimekuja, Fern wangu," alisema, akilia bila haya mbele ya Curt. "Nimechelewa, lakini nimekuja."

Joto likamsukuma kiganjani mara moja, kisha pakabaki baridi.