Kengele ya Jumatano

Kila Jumatano kengele ya chumba cha baridi katika duka la Gunvor, hapa Umeå, Uswidi, ililia kuashiria kwamba joto limepanda. Kila Alhamisi nilifika na vifaa vyangu, nikakuta baridi imerudi na hakuna hitilafu yoyote.

"Torkel, wewe ndiye unayeiharibu ili uitwe tena," Gunvor alinirukia.

"Bosi, mimi ni fundi, si mchawi!"

Hata hivyo hakuninyima bakuli la supu ya njegere, chakula chetu Waswidi cha kila Alhamisi. Nilikula huku nikimtazama kwa jicho la pembeni. Nilibadilisha kipimajoto, nikabadilisha nyaya, nikamshuku hata muuza nyama wa dukani humo, maana yule hacheki na mtu.

Jumatano moja nikaja bila kuitwa. Kengele ilikuwa inalia. Nyuma ya makreti ya maziwa, chini tu ya kipimajoto, palikuwa na sufuria kubwa inayofuka mvuke.

"Sufuria ya nani hii?" nikafoka.

Gunvor akaja mbio. "Usiifunue, naipoza! Supu ya kesho hiyo. Siku hizi napika nyingi, maana kila Alhamisi lazima uje."