Tangi la Buluu

Ofisini walimwita Bi Nukta, maana kutwa alikuwa akipanda nukta kwenye kompyuta: kila mgonjwa wa kipindupindu, nukta moja nyekundu pale anapoishi. Nukta zilijaa, lakini zilielea juu ya weupe mtupu. Ungezikodolea macho mpaka yakutoke usijue ni mtaa gani. Bosi alitaka zitandikiwe ramani chini yake, tena leo leo, ili wajue maji ya kufunga ni yapi.

Nukta mojawapo ilikuwa kitinda mimba wa kaka yake. Asubuhi hiyo kaka alipiga simu akicheka, mara ya kwanza tangu mtoto alazwe. Mtoto amepata nafuu, alisema, wamemhamishia wodi ya kawaida, na anamuulizia shangazi.

Bi Nukta akaandika amri zake, ramani ikaja, na nukta zote zikaangukia katikati ya bahari. Jirani wa meza ya pili akatania kwamba wagonjwa sasa ni samaki. Yeye hakucheka. Kosa lenyewe la kitoto: nukta zilipimwa kwa digrii, ramani kwa mita, naye kwa pupa hakuzigeuza zikalingana. Haraka haraka haina baraka, sawa, lakini nenda kamwambie hivyo mwenye mgonjwa! Alihangaika na mistari ya amri zile mpaka mchana, ndipo zikakaa mahali pake.

Safari hii alikuwa ametandika picha iliyopigwa kutoka angani. Yakaonekana mapaa ya mabati, vichochoro, na katikati ya nukta zote tangi moja la buluu. Alilijua: ni la kisima cha kwao. Kisima kile alikichimba kaka yake, baba yao alipofariki, majirani wateke bure, na kila anayeteka amwombee marehemu. Kaka hakuwa na jambo jingine duniani la kujivunia kuliko maji yale.

Akampigia kabla hata ya kumwambia bosi.

"Kaka, maji ya kisima chetu usimpe mtoto. Ndiyo yanayoua watu."



"Ya hospitali aliyakataa," kaka akasema. "Alitaka ya babu."

"Ameyanywa?"

"Nilileta dumu, dada. Wodi nzima wamekunywa. Wote wamemwombea baba."