Ukurasa wa Tisa

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Ndivyo nilivyojiambia Machi ile ya mwaka 1979, madaktari wawili waliposhuka garini mbele ya hospitali yetu ya magonjwa ya akili, magharibi mwa Minnesota, kila mmoja na sanduku lake la fomu. Daktari Leonard Abramowitz alitoka Brooklyn na alizungumza kama mtu anayewahi treni. Daktari Carla Ruggiero alitoka Chicago, mpole, na viatu vyake vya mjini theluji yetu ilivimaliza kwa siku tatu.

Walikuja kupima jambo ambalo, nisiwasingizie, lilihitaji kupimwa. Hapo kwetu mgonjwa mmoja aliwahi kupewa magonjwa matatu na madaktari watatu ndani ya mwaka mmoja, na yeye mwenyewe hakuwa amebadilisha hata kofia.

"Sista," Abramowitz aliniambia, "daktari wa mifupa akisema mguu umevunjika, wa pili naye ataona umevunjika. Sisi wa akili kila mtu na lake. Aibu tupu!"

Dawa ya aibu hiyo ilikuwa fomu. Daktari mmoja anauliza maswali yaliyoandikwa, neno kwa neno, na mwenzake anakaa pembeni kimya. Kila mmoja anajaza fomu yake bila kuchungulia ya mwingine, anaitia kwenye bahasha na kuifunga. Mimi, muuguzi wa wodi, nilizifungua na kuangalia kama wamekubaliana. Walikubaliana karibu kila mara, na Abramowitz alikuwa akipiga makofi kila nikimsomea majibu.

Mgonjwa wa kumi na tisa alikuwa Palmer Tveit, mfugaji wa ng'ombe wa maziwa, miaka hamsini na minne. Mdogo wake, Gaylord, alikufa Oktoba kwa kuzama ndani ya ghala lililojaa mahindi. Tangu Januari Palmer alikuwa hali chakula, na mkewe Delores alimkuta zizini amesimama saa nzima, ndoo mkononi, hafanyi lolote. Ndipo akamleta kwetu.

"Mwezi huu uliopita umekuwa na huzuni nyingi?" Abramowitz aliuliza.

"Hapana. Si mbaya sana."

Kwenye fomu, chini ya swali hilo, palikuwa na maelekezo: akisema hapana, ruka ukurasa wa tisa. Ukurasa huo ndio uliokuwa na maswali yote ya usingizi, chakula, majuto na kuchoka na maisha. Nikiwa mlangoni nilisikia karatasi mbili zikifunuliwa kwa pamoja, ya Abramowitz na ya Ruggiero.

"Kuna sauti unazisikia za watu ambao hawapo?"

Palmer alifikiri. Watu wetu watakuficha maumivu yao, lakini ukiwauliza habari za zizini hawawezi kukudanganya. "Gaylord," akasema. "Asubuhi nikikamua."

"Anasemaje?"

"Anasema nifungue lango."

Uso wake haukusogea. Nilipofungua bahasha, fomu zote mbili zilisema kitu kimoja: uso umeganda, maneno machache, anasikia sauti. Skizofrenia.

Nyie hamjui jina hilo lilikuwa na maana gani kwetu. Mwenye nalo alipandishwa basi la Alhamisi kwenda hospitali ya wagonjwa wa kudumu, safari ya siku nzima kaskazini. Katika miaka yangu kumi na moja nilikuwa nimewasindikiza wengi kwenye basi lile, na waliorudi nawahesabu kwa vidole vya mkono mmoja.

Delores alikuwa akinisubiri kwenye korido, amekalia ncha ya kiti.

"Wamesema ana nini, Sista?"

Nikamwambia. Alivua glavu moja, akaivaa tena. "Basi ng'ombe itabidi niwauze."

"Usiuze kwanza, mama. Nipe siku mbili."

"Sawa. Ingeweza kuwa mbaya zaidi," akasema. Mwanamke huyo huyo alisema maneno hayo hayo siku ghala lao la zamani lilipoteketea.

Nilimwendea Abramowitz damu inachemka. "Daktari, yule hana skizofrenia. Yule ni Mnorwe."

Akacheka. "Huo nao ni ugonjwa?"

"Wanaume wote wa huku, wajukuu wa Wanorwe, wako vile. Ukitaka wenye uso ulioganda, njoo kanisani kwetu Jumapili uwachukue kwa lori."

"Sista, watu wawili, fomu mbili, jibu moja. Wewe una nini?"

"Nina macho."

"Macho! Ni macho ya kila mtu ndiyo yaliyotufikisha kwenye magonjwa matatu kwa mwaka mmoja."

Alisema kweli, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Kukubaliana kulikuwa kumeanza kufanana mno na ukweli.

Lakini kazi ile ilikuwa na sharti moja. Katikati ya wagonjwa walihitajika watu wazima kiafya, wachanganywe humo kwa namba bila majina, madaktari wasijue nani ni nani. Kuwatafuta ilikuwa kazi yangu. Jumanne nikampigia baba simu.

Thorvald Brekke alikuwa na miaka sabini na mmoja, aliyefiwa na mke miaka minne iliyopita, mzee wa kanisa, na ng'ombe wake alikuwa bado anawakamua mwenyewe. Alikuja amevaa koti la ibada.

"Nimeitiwa nini?"

"Kujibu maswali, Baba."

"Mengi?"

"Ya kiasi."

"Basi." Kwake hiyo ni hotuba.

Safari hii Ruggiero aliuliza, Abramowitz akanyamaza pembeni. Huzuni? "Hapana, si mbaya." Karatasi mbili zikafunuliwa kwa pamoja. Sauti za wasiokuwepo? Baba akatazama dirishani. "Mke wangu. Huwa anaimba kidogo, nikikamua." Walipomaliza, akaenda kukaa kwenye korido na kofia yake magotini.

Nilifungua bahasha. Skizofrenia, na skizofrenia. Nilicheka mpaka nikashika meza, kisha nikaziweka fomu mbele yao.

"Huyu mgonjwa wa ishirini na sita ni baba yangu. Juzi amegawa vitabu vya nyimbo kanisani. Naye apande basi la Alhamisi?"

Abramowitz akawa mwekundu mpaka masikioni. "Umetutega!"

"Mlitaka mtu mzima kiafya, nikawaletea."

Ruggiero hakubishana. Alichukua birika la kahawa akaenda nalo kwenye korido, nasi tukamfuata.

"Mzee, nikumiminie kahawa?"

"Hapana, asante. Usihangaike."

Akaanza kurudi na birika lake. Nikamwambia, "Muulize tena."

"Kweli hutaki, mzee?"

"Niko sawa tu."

"Tena," nikasema.

Alinitazama kama mimi ndiye wa kulazwa. "Ipo nyingi, mzee. Na ya moto."

"Basi nusu kikombe, kama mtaimwaga bure." Akanywa vikombe viwili, na kipande cha keki juu yake.

"Huku kwetu," nikaeleza, "hapana ya kwanza ni adabu. Ya pili ni kukuangalia kama unamaanisha. Jibu lenyewe ni la tatu."

Ruggiero aliweka birika chini polepole. "Na fomu inauliza mara moja."

"Kisha mnaruka ukurasa wa tisa."

"Sote wawili," Abramowitz akasema. Akaketi kwenye benchi, kando ya baba yangu, na kwa mara ya kwanza sikumwona na haraka. "Kwa pamoja, bila kuchunguliana. Tumekubaliana kukosea."

Mchana ule ule wakamwita Palmer tena. Abramowitz alimuuliza habari ya huzuni, akaambiwa si mbaya. Akauliza tena, akaambiwa wapo wenye shida kubwa zaidi. Alipouliza mara ya tatu, kalamu ameshaiweka mezani, Palmer aliitazama ile kalamu.

"Labda kidogo," akasema. Halafu, kwa uso ule ule usiosogea, akaeleza kwamba ni yeye aliyemtuma Gaylord ndani ya ghala kuyavunja mahindi yaliyogandamana. Gaylord alitaka wangoje kesho yake. Yeye akasema leo.

Ukurasa wa tisa ulichukua dakika arobaini, na ulijaa mpaka pembezoni. Waliandika sonona, ugonjwa wa huzuni nzito, kila mmoja peke yake, na kwamba sauti aliyoisikia ilikuwa ya msiba. Basi la Alhamisi lingeondoka bila yeye. Delores nilipomwambia alisema, "Si mbaya," akanibana mkono mpaka ukauma.

Nilivimba kichwa, sikatai. Nikaenda kumchukua baba nimrudishe nyumbani kwa gari lake. Ruggiero alinikuta mlangoni.

"Sista, ukurasa wa tisa wa baba yako hatujaujaza."

"Baba ni mzima, Daktari. Si ndiyo maana nilimleta?"

"Nani alisema ni mzima?"

"Mimi."

"Ulimuuliza mara ngapi?"

Nyani haoni kundule. Miaka minne nilikula naye kila Jumapili, na kila Jumapili niliangalia uso wake nikaona ni uso wa siku zote. Sikuwa nimemuuliza hata mara moja.

Nilimuuliza tulipovuka daraja. "Hapana," akasema, "kwa nini?" Nilimuuliza tena tulipopita kanisa. Akasema barabara ina barafu, niangalie mbele. Nikaegesha pembeni na kuzima injini.

"Baba, nakuuliza. Tangu Mama aondoke, unaendeleaje?"

Alitazama shamba la watu, jeupe mpaka lilipokutana na mbingu.

"Februari ya mwaka jana," akasema, "asubuhi moja nilipanda juu kwenye dari la ghala. Sikuwa na mpango wa kushuka." Akapangusa kofia yake. "Halafu ng'ombe wakaanza kulia. Walikuwa hawajakamuliwa. Nikashuka."

Sauti ilikuwa ile ile anayotumia kuagiza misumari dukani. Februari hiyo, Jumapili nne, nilikuwa nimekaa mezani kwake nikimsimulia habari za wagonjwa wangu.

Niliwasha gari nikaanza kuligeuza katikati ya barabara.

"Tunarudi wapi?" akauliza. "Ng'ombe wanakamuliwa saa kumi na moja."

"Hospitali, kwenye ukurasa wa tisa. Nitawakamua mimi, Baba."

Nilikuwa nalia kiasi cha kutoiona barabara. Yeye akanyoosha mkono, akanishikia usukani.