Hodi kwa Bwana Harusi

Katika nyumba ya mama mkwe wangu, hata samaki hubishiwa hodi. Tangi lao la kioo liko sebuleni, juu ya meza aliyoiunda baba mkwe kwa mikono yake, na kila asubuhi, kabla ya kuwapa chakula, mama aligonga kioo kwa pete yake ya ndoa. "Hodi, wenyewe." Ndivyo marehemu mumewe alivyozoea, na mama hakutaka mazoea hayo yazikwe naye.

Ni samaki malaika wawili, bapa kama visahani, wenye michirizi myeusi na mapezi marefu yanayoburuzika kama joho. Dume alilelewa na baba mkwe tangu akiwa mdogo kama kifungo cha shati, akaitwa Bwana Harusi kwa ajili ya mapezi hayo. Jike aliletwa na mume wangu baada ya msiba, ili samaki mzee asikae peke yake. Maana Bwana Harusi alikuwa amezeeka kweli. Pezi lake la juu lilikuwa limechanika ncha, na siku nyingine alionja chakula kidogo tu, akageukia ukuta.

Mama alitaka jambo moja: apate mtoto wa samaki yule kabla hajafa. Lakini kila jike alipotaga, mayai yaliliwa. Leo yako kwenye jani, yamepangwa kama shanga za rangi ya asali, wazazi wanayapepea kwa mapezi. Kesho jani tupu.

"Wazazi gani hawa," mama alinung'unika asubuhi moja, mkono ukiwa bado kwenye kioo. "Njaa hawana, nawalisha mwenyewe."

"Mama, unawaonea," mume wangu alisema akifunga kamba za viatu. "Unabisha hodi asubuhi yote hii, hawana cha kumkaribishia mgeni ila mayai. Wafanyeje?"

"Wewe nawe. Ningekula wewe ungali yai, leo ningepumzika."

Nilicheka, kisha kicheko kikanikauka. Nilikuwa nimepiga magoti nikichota maji mapya, yale tunayoyalaza kwenye ndoo hadi dawa ya bomba iishe nguvu, na kutoka pale chini niliona asichoweza kukiona mama akiwa amesimama. Pete ilipogusa kioo, samaki wote wawili walishtuka, mapezi yakajikunja. Kisha jike akaligeukia jani akaanza kudonoa mayai yaliyobaki.

Chuoni nilisomea mahesabu, sikusomea samaki. Lakini woga naujua.

Ningemwambiaje mama mkwe kwamba hodi ya mumewe ndiyo inayowamaliza watoto? Siku zikapita, na jioni moja jike akataga tena. Bwana Harusi alimfuata polepole, akipumzika kila baada ya muda. Nikajua kesho asubuhi mkono utagonga, na huenda hakuna mara nyingine.

Mama alikuwa jikoni akichambua mchele. Nilikaa kando yake, nikachukua konzi yangu ya mchele.

"Mama, unakumbuka nilipoletwa hapa? Nilishindwa kula mbele ya watu."

"Nitasahau? Ulikonda hadi nikaogopa kwenu watanidai binti yao."

"Ulikuwa unaniachia sahani, unaifunika, halafu unatoka nje. Unasema unakwenda kuanua nguo."

"Hata siku ambazo hatukufua." Akatabasamu.

"Nilijua, mama. Nilikula kwa sababu ulitoka. Nadhani hata wale… mtu akibisha hodi wanaogopa. Wakiogopa wanakula mayai."

Mikono yake ilisimama juu ya ungo. Alitoka, nami nikabaki nimekodolea macho chuya, nikijiona nimevunja chombo kisichonunulika. Nilipothubutu kuchungulia, nilimkuta sebuleni akitundika shuka mbele ya tangi.

"Shika upande wa pili," alinong'ona. "Na mumeo akirudi avue viatu mlangoni."

Asubuhi alisimama mbali na meza, mkono wa kushoto umeushika wa kulia kama anayemzuia mtoto mtundu. Nililisha mimi, kwa kuingiza vidole nyuma ya shuka. Mayai yakapasuka, vikatokea vitu kama nyuzi, vikitikisika kwenye jani. Siku vilipoanza kuogelea, mama alifunua pembe ya shuka akatazama. Wingu la vitoto lilimzunguka Bwana Harusi na pezi lake lililochanika.

Alilia kidogo, kisha akajifuta kwa mtandio.

"Ungenionea haya, mwanangu, ningewamaliza wote kwa mkono huu huu."

Nilitaka kumwambia kuhusu sahani zile, kwamba nilizikuta kila mara zikiwa za moto. Badala yake nilimsogezea kiti, mbali kidogo na kioo.

Akakaa. Akainama mbele, na kwa sauti ndogo kabisa akasema, "Hodi, wenyewe."

Tangu baba mkwe afariki hakuna aliyekuwa akiiitikia hodi ile.

"Karibu, mama," nikasema.