Kiungo Aliyebaki Kilolo

Basi la timu lilisimama Igawa ili wachezaji wanyooshe miguu, na hapo ndipo simu ya Kalinga ilipolia. Mwalimu Jera alikuwa mlangoni mwa basi akila hindi la kuchoma. Alimwona nahodha wake akisikiliza, kisha akichuchumaa kando ya barabara, katikati ya wauza vitunguu, kama mtu aliyepigwa tumboni. Mwalimu akajua. Miaka karibu arobaini ya mpira, uwanjani na kwenye benchi, ilikuwa imemfundisha kusoma mwili wa mchezaji hata akiwa amempa mgongo.

"Baba," Kalinga alisema. "Alfajiri ya leo. Tunazika kesho saa tisa, nyumbani Kilolo."

Kesho saa kumi walikuwa wacheze Iringa, mechi ya mwisho ya msimu. Timu yao ya Mbeya ilihitaji alama moja tu isishuke daraja, na mwenyekiti Andendekisye alikwisha kusema mbele ya watu, huku akichokonoa meno: "Tukishuka, mwalimu, tafuta tiketi ya kwenu."

Kwenu. Gérard Vauclin, ambaye Mbeya walimwita Jera, mwenye miaka hamsini na tisa, hakuwa na hakika tena kwao ni wapi.

Alikuwa kiungo mkabaji enzi zake. Hakuwa wa wale ambao watoto huvaa jezi zenye majina yao. Alikuwa yule anayempokonya mtu mpira na kumpa mwenzake mwenye jina. Alicheza miaka kumi na saba, karibu yote daraja la pili huko Ufaransa, mpaka goti likagoma naye akahamia benchi. Akafundisha vijana, akafukuzwa. Akafundisha wakubwa, akafukuzwa. Akavuka bahari, akakaa Lubumbashi miaka sita, na huko ndiko alikookota Kiswahili chake kilichowavunja mbavu wachezaji wa Mbeya. Kila timu aliiendea na begi moja na sentensi moja.

Sentensi hiyo alipewa akiwa na miaka ishirini na minne, siku baba yake alipozikwa. Kocha wake alimwekea mkono begani akamwambia: "Baba yako angependa ucheze." Akacheza. Wakashinda mbili bila, na gazeti likamsifu kwa moyo wake wa chuma. Kaka yake hajamsemesha hadi leo. Naye alipokuwa kocha, aliwaambia wachezaji watatu katika nchi tatu maneno yaleyale, na wote watatu walicheza.

Pale Igawa mkono wake ulipanda wenyewe begani kwa Kalinga.

"Baba yako angependa ucheze."

Kalinga akainua uso. "Mwalimu, baba yangu hakupenda mpira."

"Hapana, minasema..."

"Hakuja hata mechi moja. Alilima njegere. Mpira aliuita kazi ya watu wasio na shamba."

Mchezaji mmoja nyuma alicheka, akajiziba mdomo. Mwalimu alisimama na hindi lake mkononi. Sentensi aliyoibeba miaka thelathini na mitano ilikuwa imeanguka barabarani, na magari ya Zambia yalikuwa yakipita juu yake.

"Nenda," alisema hatimaye. "Nenda ukazike."

Alidhani mambo yameishia hapo. Walipopita Makambako, msaidizi wake Asukile akaja kuketi karibu naye. Asukile alikuwa Mnyakyusa wa Tukuyu, naye kiungo wa zamani, mwenye tumbo la mtu aliyestaafu bila kinyongo.

"Mwalimu, vijana wanataka kwenda kuchimba."

"Kuchimba nini?"

"Kaburi. Nahodha kafiwa na baba. Wenzake wa rika ndio wachimbaji."

"Bachezaji bangu wachimbe kaburi asubuhi ya mechi? Asukile, umekunywa nini?"

"Maji, mwalimu. Ukiwakatalia watacheza, ila watacheza wakiangalia chini."

Nje ya dirisha misonobari ya Mafinga ilianza kupita, mstari baada ya mstari, yote ya kimo kimoja. Mwalimu alihisi uchovu ambao haukuwa wa safari. Ulikuwa wa kusema hapana, kazi aliyoifanya kwa ufasaha katika lugha tatu.

"Mtamaliza saa ngapi?"

"Tukianza saa moja, saa tano tuko basini."

"Mmoja akivunja kidole, nitakuzika wewe."

Asubuhi Kilolo ilikuwa ndani ya ukungu. Mama yake Kalinga, Mama Paskalina, aliwapokea akiwa amejitanda kitenge, sauti imemkauka kwa kulia. Mwalimu akamwinamia. "Kamwene, mama." Wanawake waliokaa chini ya turubai wakatazamana, na mmoja akatabasamu licha ya msiba. Mzungu alikuwa amefundishwa salamu hiyo ya Kihehe ndani ya basi, akairudia usiku kucha asiisahau.

Wakachimba wawili wawili, wakipokezana. Udongo mwekundu uliwaganda kwenye suruali za mazoezi. Mwalimu alisimama kando na saa yake, mpaka alipomwona Saulo, beki wa kushoto, akishika sururu kama ufagio.

"Toka, toka. Unapiga kama mtu anaogopa kadi."

Wakacheka. Akashuka yeye. Alipiga sururu mpaka goti bovu likaanza kumwuma, na hakutoka. Walipomwambia zamu yake imekwisha, akachukua beleshi. Wachezaji waliacha kucheka. Walikuwa hawajawahi kumwona akifanya kazi bila kupiga kelele.

Saa tano kaburi lilikuwa tayari. Mwalimu akapandishwa kwa kuvutwa mikono, akapiga makofi kama mazoezini. "Haya, basini!"

Hakuna aliyejongea. Walikuwa wamekaa kwenye rundo la udongo kama kuku walionyeshewa. Asukile alijikuna shingo.

"Mwalimu, kuna jambo nimekosea."

"Sema."

"Kwetu Tukuyu mtu anachimba, anaondoka, anafukia mwingine. Nilidhani na hapa ni hivyo. Sasa baba zake wadogo wananiambia, katika ukoo huu, waliochimba ndio wanaofukia. Hawanawi mikono wala hawali mpaka wamefukia."

"Mazishi ni saa tisa."

"Ndiyo."

"Mechi saa kumi. Mpaka Iringa ni saa nzima."

"Ndiyo, mwalimu."

"Na wewe ulidhani!"

"Nilidhani," Asukile alikubali, macho chini.

Mwalimu akamwendea Mama Paskalina. Alitaka kuomba mazishi yasogezwe mbele, lakini mama alimwona akija akamwahi.

"Padri anatoka parokiani saa nane, mwanangu. Mume wangu simziki kwa ratiba ya mpira." Hakuwa na hasira. "Vijana wako wakitaka kuondoka na udongo mikononi, waende. Sitawalaani. Ila wataubeba wao."

Kuchelewa kungewapokonya mechi hata kabla ya filimbi. Kwenda hivi kungepeleka uwanjani miili kumi na minane isiyo na moyo. Mwalimu aliitazama mikono yake. Malengelenge yalikuwa yamepasuka.

"Mama, mtu mmoja akibaki afukie kwa ajili ya wote?"

Baba wadogo wakateta kwa Kihehe. Ilichukua muda. Kisha mama akasema, "Inawezekana, kama naye alichimba."

Mwalimu akamwonyesha viganja.

"Lakini wewe si ndiye mkubwa wao? Hawatakuhitaji huko?"

"Bananihitaji," alisema mwalimu, na huo ulikuwa ukweli. Tangu aanze kufundisha hakuwahi kukosa benchi, hata kwa malaria.

Akatoa mfukoni karatasi ya kikosi, akampa Asukile. "Ezron anacheza nafasi ya Kalinga. Asipande mbele hata kama anaitwa na malaika."

"Mwenyekiti ataniuliza uko wapi."

"Mwambie Kilolo."

"Atakufukuza, mwalimu. Hata tukipata sare."

"Kufukuzwa ninakujua. Kuzika bado sikujui."

Mama Paskalina akachukua jagi, akawamwagia maji mikononi, mmoja baada ya mwingine. Beseni likawa jekundu. Basi likashuka kilima, na mikono ya Mfaransa peke yake ikabaki na udongo.

Padri alichelewa. Jeneza liliteremshwa saa kumi ikiwa imepita, na mwalimu akashika beleshi. Alifukia kwa hesabu yake: mabeleshi kumi ya Ezron, kumi ya Saulo, kumi ya golikipa. Simu ilitetemeka mfukoni. Ikatulia, ikatetemeka tena. Huenda lilikuwa bao. La nani? Akaiacha. Katika kijiji kimoja cha Ufaransa mtu fulani alishika beleshi kwa zamu yake, miaka thelathini na mitano iliyopita, naye hakuwahi kuuliza alikuwa nani.

"Pumzika, mwalimu," Kalinga alisema. Alikuwa akifukia upande wa pili, jasho na machozi vimechanganyika.

"Bado wa akiba saba."

Giza lilikuwa karibu alipomaliza. Kalinga alimmwagia maji. Alinawa polepole mpaka kwenye viwiko, akajifuta kwa shati, ndipo akampigia Asukile.

"Bila bila!" Kelele za wachezaji zilijaa simu. "Ezron kacheza kama mlinzi wa benki! Tumebaki, mwalimu, tumebaki!" Kisha sauti ikashuka. "Mwenyekiti kakaa nyuma yangu dakika zote tisini. Anasema Jumatatu ufike ofisini ukabidhi funguo za nyumba. Na timu... kaniachia mimi. Sikuomba, nakuapia."

"Kiti kikoje?"

"Kigumu."

"Utakizoea. Usikizoee sana."

Akazima simu. Chini ya turubai walikuwa wamemtengea sahani pamoja na wanaume wa ukoo: ugali wa moto, na njegere zilizoungwa kwa nyanya.

"Za baba hizi," Kalinga alisema akiketi kando yake. "Alizivuna wiki iliyopita." Akasita. "Wamesemaje?"

"Tumebaki daraja."

"Na wewe?"

Mwalimu alikata tonge, akalichovya. Njegere mbili zikaanguka, naye akaziokota.

"Mimi nina njaa," alisema.